Kiguu na Njia Afika Bagamoyo

Mtoto wetu wa mwisho, binti wa miaka miwili na miezi minne, amepewa na majirani jina la Kiguu na Njia, na jina hilo limemkaa kuliko lile lililoandikwa katika cheti chake. Alianza kutembea kabla ya kutimiza mwaka, na tangu siku ile hajapata kukubali kwa hiari yake kushikwa mkono. Wasomaji wetu walio na watoto wadogo nyumbani watatuelewa upesi. Na walimu wa madarasa ya chini, ambao huwapokea watoto wa namna hii wakiisha kukua kidogo, yamkini watatuonea huruma.

Hatusemi kwamba ni mkaidi. Mkaidi husikia neno, kisha hulikataa. Binti yetu aghalabu halisikii neno lenyewe, kwa kuwa moyo wake umekwisha kutangulia, uko kwa kuku wa jirani au penye kichuguu nyuma ya jiko. Neno lake la tatu, baada ya "mama" na "maji", lilikuwa "mwenyewe". Ukitaka kumlisha, mwenyewe. Ukitaka kumfunga vifungo, mwenyewe. Viatu huvaa mwenyewe, cha kulia katika mguu wa kushoto, na mtu akimrekebisha huvivua vyote viwili akaanza tena vilevile. Mbeleko ameikataa tangu alipoachishwa ziwa. Bibi yake, aliyelea watoto saba na wajukuu wengi, alimfunga mgongoni siku moja kwa khanga mpya, akaenda naye hatua kumi; mtoto akateleza hata chini kama kambare, akasimama, akasema, "Shikamoo Bibi," kwa adabu zote, kisha akashika njia yake.

Shikamoo hiyo humpa kila mtu, na si watu tu. Tumemsikia akimwamkia mbuzi aliyefungwa kambani, akangoja jibu, na alipoona halitoki akamsamehe.

Katika nyumba yetu kuna mawazo mawili juu ya mtoto huyu. Mmoja wetu husema aachwe aende, mradi jicho liwe juu yake, kwa maana mguu uliozuiwa katika udogo huwa mwoga ukubwani. Mwingine husema kwamba maneno hayo ni mazuri kwa mtu asiyejua visima vya mtaa wetu. Basi tukapatana juu ya mpaka, nao ni mwembe ulio mbele ya nyumba. Hata mwembeni ana ruhusa. Kupita mwembe hana. Naye huutii mpaka kwa namna yake. Huenda hata kwenye shina, huweka kiganja juu ya gamba, kisha hunyosha mguu mmoja upande wa pili na kututazama.

Mwezi wa Juni, shule zilipofungwa, tuliazimu kwenda Bagamoyo siku tatu, maana wakubwa wake walikuwa wamesoma habari za mji huo darasani na hawajauona. Tulitoka Morogoro alfajiri. Mtoto apakatwaye halipi nauli katika mabasi yetu, lakini binti yetu alipoona kila abiria ana mahali pake, alisimama katika njia ya katikati akadai kiti. Konda, kijana mpole, akainama akamwambia, "Haya bibi, nauli iko wapi?" Akampa kifuniko cha soda alichokuwa amekishika tangu nyumbani. Konda akakipokea kwa mikono miwili. Kiti akapata, nasi tukalipa fedha halisi.

Chalinze tulishuka, tukapanda gari la Msata, na kutoka Msata iko barabara ya lami ya kilometa 64 inayoshuka hata Bagamoyo na kuvuka mto Ruvu. Misafara ya zamani ilipita nchi hizi hizi, ingawa si barabara hii. Stanley, alipokwenda kumtafuta Livingstone mwaka 1871, alitumia siku 29 kutoka Bagamoyo hata Simbamwene, karibu na ilipo Morogoro ya leo, na katika siku hizo vituo vya kutembea vilikuwa 14 tu. Nyingine zilipotea kwa mvua, maradhi na kungojana. Sisi tulitumia saa tano na zaidi kidogo, na mwenzetu mdogo aliona hata hizo ni nyingi, kwa kuwa alizimaliza akiwa amekaa.

Kwa hiyo tulipofika pwani alikimbia.

Msomaji ambaye hajafika Bagamoyo ajue kwamba bahari ya pale hupwa mbali sana. Asubuhi ya pili tulipoteremka ufuoni maji yalikuwa yamekwenda zake, yameacha nchi tambarare ya mchanga wa majivu, yenye mistari kama paa la bati, na madimbwi, na ngalawa zimelala ubavu. Kwa mtoto huyu ilikuwa kama amefunguliwa mlango usio na ukuta. Alikwenda moja kwa moja kuyafuata maji. Mmoja wetu alimwandama nyuma hatua ishirini, viatu mkononi. Mwingine alibaki juu na wakubwa, akihesabu hatua hizo ishirini kwa macho na kuziona kama hamsini.

Kumwandama mtoto kwa mbali ni kazi yenye elimu yake. Ukimkaribia mno hugeuka mchezo, naye hukimbia. Ukiwa mbali mno, huna faida. Tena tulijifunza kwamba mwendo wake si wa mtu anayekwenda mahali. Huenda hatua tano, huchuchumaa robo saa. Yule mwandamaji alilazimika kusimama juani akitazama kisogo cha mtoto anayetazama tundu la kaa. Kaa wadogo wa pale hutoka, huinua gando, hurudi ndani; naye aliwaamkia mmoja mmoja. Kaa mmoja alipompita juu ya kidole cha mguu hakulia. Alikaa kimya, akautazama mguu wake kama kitu cha mtu mwingine, halafu akacheka peke yake, bila kutafuta wa kucheka naye. Hapo ndipo tulipoona jambo ambalo nyumbani, kwa kelele za siku zote, hatukuwa na nafasi ya kuliona: kwamba mtoto huyu hawakimbii watu. Yuko katika shughuli zake.

Wavuvi walikuwa wakirejea. Mzee mmoja aliyebeba tanga begani alisimama mbele yake, akamwuliza, "Mjukuu wangu, wakwenda Unguja?"

Akajibu, "Ndiyo."

"Na nani?"

"Mwenyewe."

Mzee akatazama mbali, akamwona mwandamaji amesimama na viatu, akasema kwa sauti, "Basi nenda salama, mama, mizigo yako inakuja nyuma."

Penye soko la samaki tulikuwa na hofu ya kweli. Kina mama wa pale hukaanga samaki katika makarai mapana yaliyojaa mafuta yanayochemka, juu ya moto wa kuni, nayo yamewekwa chini kabisa, mahali ambapo mtoto huyafikia bila kunyosha mkono. Alisikia harufu, akaelekea huko. Tulipiga mbio. Lakini kabla hatujafika, mama mmoja mwenye kijiti cha kugeuzia samaki mkononi alinyosha mguu wake ukawa kama kizuizi cha barabara, akamzuia mtoto kifuani, wala hakuacha kugeuza samaki wake. Kisha akampa kipande cha changu juu ya gazeti. "Wa kwenu?" akatuuliza. Tukasema ni wetu. "Huyu ni wa kila mtu," akasema, akaita mteja mwingine.

Mjini hatukukaa sana, kwa sababu mtoto alipima kila baraza kwa kuikalia. Nyumba za mawe ni nyingi, nyingine zimekarabatiwa na nyingine zina miti inayoota dirishani. Wajerumani waliifanya Bagamoyo makao yao makuu kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891, na Boma lao la mwaka 1897 lingali likitazama bahari. Milango ya kuchongwa ina vizingiti virefu, navyo vilimpendeza kuliko michongo yenyewe, maana kizingiti kirefu ni mlima kwa mtu wa kimo chake.

Juu ya jina la mji wageni huambiwa kwamba ni bwaga moyo, na kwamba mateka walioletwa kutoka bara walipoiona bahari ndipo walipokata tamaa. Wako wasemao vingine: kwamba ni neno la wapagazi, wengi wao Wanyamwezi waliotembea kwa ujira na pembe za ndovu mabegani, ambao baada ya miezi mitatu njiani, au zaidi, waliweka chini mzigo na mashaka yake. Sisi twaona maelezo haya ya pili yana nguvu, kwani biashara kubwa ya watumwa katika pwani hii ilikuwa Kilwa, na Bagamoyo ilikuwa hasa mji wa pembe na wapagazi. Lakini mateka nao walipita hapa, wala si haki kuwasahau kwa ajili ya furaha ya wapagazi.

Siku ya tatu asubuhi tulikwenda Misheni, kaskazini ya mji, kwa njia iliyopandwa miembe pande zote mbili. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapo kutoka Unguja mwaka 1868. Kanisa lao la kwanza ni la mwaka 1872, na katika mnara wake uliwekwa usiku mmoja, tarehe 24 Februari 1874, mwili wa Livingstone, ulioletwa na Susi na Chuma na wenzao kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo, mwendo wa zaidi ya kilometa 1,500.

Watoto wakubwa walitaka kuuona mnara. Mdogo alitaka kuipanda ngazi yoyote aliyoiona. Kwa hiyo katika nyumba ya makumbusho tuliingia kwa zamu, mmoja akitazama na mwingine akiwa nje miembeni na Kiguu na Njia.

Huko ndani mambo hayo mawili, lile la ndani na lile la nje, yalikutana kwa namna ambayo hatukuitazamia. Watoto waliokuwa wa kwanza katika Misheni hii walikombolewa kwa fedha, wengi katika soko la Unguja. Na baada ya Sultani Barghash kulifunga soko hilo mwaka 1873 walikuja wengine waliotolewa na manowari za Kiingereza katika majahazi yaliyokamatwa baharini. Walikuwa mamia. Walifundishwa, walilima, waliozwa, na mwaka 1877 baadhi yao walikwenda na mapadre kuanzisha Mhonda, katika nchi tunayotoka sisi. Hatutasema kwamba maisha yao yalikuwa mepesi. Kengele ndiyo iliyowaamsha, kuwapeleka shambani na kuwalaza. Hawakuwa na ruhusa ya kwenda wapendako, na wako waliotoroka. Tena tukajiuliza wangalitoroka kwenda wapi, mtoto aliyechukuliwa akiwa hajui hata jina la kijiji chao.

Alfred Swann, Mwingereza aliyekwenda Ziwa Tanganyika mwaka 1882, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1910 habari za msafara wa watumwa aliokutana nao njiani. Waliokuwamo ni wanawake wenye mtoto mgongoni na pembe kichwani. Akauliza yafanywaje mama akichoka asiweze mizigo yote miwili. Akajibiwa kwamba pembe haiwezi kuachwa. Anayeondolewa ni mtoto.

Mmoja wetu aliyesoma habari hizo nyumbani kabla ya safari hakuzisema hata tulipokuwa pale mlangoni. Tukasimama kidogo. Miembeni mtoto alikuwa akienda kwa mwendo wake, hatua tano, akichuchumaa, hatua tano tena, kuelekea kwa watu asiowajua. Alikuwa amekwisha kumwamkia mwenye toroli na mtawa mmoja. Katika miaka ile mtoto wa tabia hii ndiye aliyepotea kwanza. Yule anayekwenda mtoni bila wenzake, anayemwamkia mgeni njiani. Yamkini wazazi wa wakati ule walikuwa na hadithi za kuwatisha watoto wao wasipite mwisho wa shamba, na walikuwa na haki. Chuma mwenyewe, Myao, aliyeuleta mwili wa Livingstone katika mnara huu, alikuwa mtoto bado alipotolewa katika msafara wa watumwa mwaka 1861 katika nchi ya Shire, Malawi ya leo. Miaka 13 baadaye aliingia Bagamoyo kwa miguu yake, akiwa kiongozi wa njia.

Karibu na hapo uko mbuyu mkubwa. Inasimuliwa kwamba ulipandwa siku za mwanzo wa Misheni, na kwamba baadaye bibi wa Kifaransa aitwaye Madame Chevalier aliuzungushia mnyororo ili amfunge punda wake. Mti ukanenepa, ukaumeza mnyororo. Leo chaonekana kipande kifupi tu kinachochomoza katika gamba. Wageni wengi hudhani ni mnyororo wa watumwa, nao hupigwa picha wakiwa na nyuso za huzuni. Ni wa punda.

Binti yetu alikishika kile kipande, akakivuta. Hakikutoka. Akakishika kwa mikono miwili, akaweka mguu juu ya mti, akavuta tena. Akauambia mti, "Toa!" Kaka yake alitaka kumsaidia, akamsukuma, "Mwenyewe." Alivuta hata jasho likamtoka puani. Tulimwacha. Mlinzi wa pale alitazama naye akasema, "Huyo atauchosha mbuyu," nasi tukaketi juu ya mzizi tukangoja hata aliposhindwa kwa hiari yake, jambo lililochukua muda mrefu kuliko mnara na makumbusho pamoja.

Alasiri tulikwenda Kaole, kilometa kama tano kusini ya mji. Ni magofu ya misikiti miwili, mmoja wapo wa karne ya 13, na makaburi ya mawe, mengine yenye nguzo ndefu ambazo zamani zilipambwa kwa mabakuli ya Kichina. Hapo palikuwa bandari; kisha mikoko ikaota, tope likajaa, watu wakahamia Bagamoyo. Mahali penyewe ni pa kimya, penye mibuyu na majani mafupi, na makaburi yamekaa karibu karibu kama samani katika chumba kidogo.

Ndipo tulipompoteza. Alikuwa hatua ishirini mbele, akaingia nyuma ya nguzo, wala hakutoka upande wa pili. Tukaizunguka, hayupo. Tukaita, kimya, maana mtoto huyu haitiki aitwapo, huitika atakapo. Mmoja alikimbilia upande wa mikoko, mwingine upande wa barabara, wakubwa tuliwaamuru wasimame palepale waite jina lake, na kwa mara ya kwanza tulisikia likiitwa lile jina la katika cheti. Haikuwa zaidi ya muda wa kusema Baba Yetu mara mbili. Yeyote aliyepata kuukaa muda huo hatahitaji kuelezwa, na asiyepata hatuna maneno ya kumpa.

Alikuwa ameketi ndani ya kuta za msikiti wa kale, mahali palipochongwa kibla, penye kivuli. Amevua viatu. Hatujui ni adabu aliyoiona kwa watu au ni joto tu. Viatu alivijaza mawe madogo na vigae, akivipanga kwa uangalifu mkubwa. Alipotuona tunahema, aliinua macho, akauliza kwa sauti ya mtu aliyengojeshwa:

"Mlienda wapi?"

Mama yake akaketi chini karibu naye, hakumshika. Tukamrudishia vigae mahali pake kimoja kimoja, kwa kuwa havichukuliwi, akakubali kwa shida, naye akaviweka mwenyewe.

Usiku ule katika nyumba ya wageni, watoto wamekwisha kulala, tulizungumza juu ya hatua ishirini. Mmoja wetu alisema kwamba lililotokea Kaole laonyesha kuwa ishirini ni nyingi mno mahali penye nguzo na pembe, ziwe kumi. Mwingine alisema kwamba mtoto hakuwa amepotea hata kidogo, ila sisi. Na kwamba tulikuwa tumesimama asubuhi ileile mbele ya habari za watoto ambao hakuna aliyewafuata nyuma, wala kwa hatua kumi wala kwa elfu. Mwenzake akajibu kwamba hiyo ndiyo sababu yake ya kutaka kumi. Hatukupatana. Tumepatana juu ya mahali pa wazi tu: ufuoni, maji yakiwa yamepwa, ishirini zinabaki.